Ajifunzaye Lugha Peke Yake na Ajiulize Kila Siku

Juma hili nitaacha kando habari za mahindi na maziwa, nizungumze nanyi juu ya kazi nyingine inayotaka jembe na subira. Kazi hiyo ni kujifunza lugha ya kigeni bila mwalimu. Nimeulizwa jambo hili mara nyingi, na makarani wanaotaka kupanda cheo, na wakulima ambao watoto wao wako ng'ambo, na vijana wanaotafuta kazi Ujerumani na katika nchi za Waarabu. Wote huniuliza swali moja: Ninunue kitabu gani? Kwa muda mrefu sikuwa na jibu la kufaa. Sasa ninalo, nalo nimelipata nyumbani kwangu mwenyewe, baada ya hasara.

Binti wa kaka yangu ni muuguzi. Kaka yangu alikwisha fariki, na kwa desturi yetu mimi ndiye baba yake sasa. Mnamo Septemba 2024 serikali ya Kenya na serikali ya Ujerumani zilitia sahihi mapatano juu ya wafanyakazi, na binti huyu, kama vijana wengi, alipopata habari aliazimia kwenda. Lakini mlango wa Ujerumani haufunguki kwa muuguzi asiyejua Kijerumani. Darasa lilikuwa mbali na gharama yake kubwa, tena yeye hufanya kazi usiku. Kwa hiyo alinunua vitabu akajifunza peke yake. Mimi niliuza mtamba mmoja ili apate ada ya mtihani na nauli.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa daraja liitwalo B1. Hilo ni la tatu katika madaraja sita ya ujuzi wa lugha ambayo Baraza la Ulaya lilitangaza mwaka 2001, kuanzia A1 hata C2. Una sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema. Matokeo yalipokuja, binti yangu alikuwa amefaulu kusoma na kuandika, naye ameanguka katika kusikiliza na kusema. Alikaa jikoni asiseme neno. Nami, nakiri, nilimfikiria yule mtamba.

Siku ya pili nilimwuliza, "Mama, hebu nieleze, ulikuwa ukisomaje?" Akaniletea kitabu chake. Kilikuwa kimechakaa kama kitabu cha mtu mwenye bidii, na kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari ya rangi. Alikuwa amekisoma mara tano toka mwanzo hata mwisho. Akaniambia, "Baba, nikikifungua nayajua maneno yote. Nikikifunga yanaruka kama ndege."

Maneno yake hayo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Kulijua neno unapolitazama ni jambo moja, na kulitoa kichwani unapolihitaji ni jambo jingine kabisa. Mara ngapi umekutana na mtu sokoni, uso wake waujua vema, lakini jina lake limekukataa? Uso umeonyeshwa, jina sharti ulitafute mwenyewe. Binti yangu alikuwa amejizoeza kuzitambua nyuso za maneno tu. Katika mtihani wa kusema hakuna anayekuonyesha uso. Mtu anakuuliza swali, naye anangoja.

Sasa nitawaeleza jambo litakalowafurahisha, kwa kuwa lahusu lugha yetu wenyewe. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walitangaza matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Walitaka maneno ambayo wanafunzi wale hawajapata kuyasikia, wakachagua Kiswahili. Waliwapa maneno 40, kila neno na maana yake kwa Kiingereza, kama vile neno mashua. Kazi ilikwenda kwa zamu: kuyatazama maneno na maana zake, kisha kuulizwa maana bila kuonyeshwa, kisha kuyatazama tena, na kuulizwa tena.

Wanafunzi waligawanywa makundi manne. Kundi la kwanza waliendelea kuyatazama maneno yote na kuulizwa yote. Kundi la pili, neno walilokwisha kulijibu sawa mara moja hawakulitazama tena, bali waliendelea kuulizwa. Kundi la tatu, neno walilokwisha kulijibu waliendelea kulitazama, ila hawakuulizwa tena. Kundi la nne, neno likijibiwa mara moja liliachwa kabisa. Mwisho wa kazi wanafunzi wote walikuwa wamekwisha kuyajibu maneno yote. Kila mmoja alitakiwa kukisia atakumbuka mangapi baada ya juma moja, na makundi yote yalikisia karibu nusu.

Juma lilipopita waliitwa wakaulizwa. Wale walioendelea kuulizwa walikumbuka karibu maneno 80 katika kila 100. Wale walioendelea kutazama bila kuulizwa walikumbuka karibu 36, na walioacha yote mawili karibu 33. Yafikirini hayo, ndugu zangu. Kutazama tena na tena neno walilokwisha kulijua kuliwafaidia kidogo sana. Kuulizwa ndiko kulikoyafunga maneno kichwani. Tena wanafunzi wenyewe hawakulitambua jambo hilo, kwa maana wote walidhani watakuwa sawa. Basi binti yangu asilaumiwe. Anayesoma ukurasa mara ya tano huuona mwepesi, naye hudhani wepesi huo ni ujuzi.

Jambo la pili la kujua ni habari ya kusahau. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka, akaandika kitabu mwaka 1885. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima baada ya muda fulani ni sehemu gani ya kazi yake iliyobaki. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu imekwisha potea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Lakini toka hapo upotevu hupungua mwendo, hata baada ya mwezi mzima bado sehemu moja katika tano ilikuwa imebaki. Kusahau, basi, kuna haraka mwanzoni na polepole baadaye.

Mkulima atalielewa jambo hili upesi. Mche uliopandikizwa leo hutaka maji leo na kesho. Ukishika mizizi, waweza kuuacha siku tatu, kisha juma, kisha ukangoja mvua. Hakuna mtu mwenye akili anayeumwagia mche debe kumi kwa siku moja kisha akauacha mwezi. Lakini wengi wetu hujifunza lugha kwa namna hiyo hiyo. Jumapili tunasoma saa nne mfululizo, na hata Jumapili nyingine hatukigusi kitabu. Afadhali dakika 20 kila siku kuliko saa mbili na nusu mara moja kwa juma, ijapokuwa hesabu ya saa karibu ni moja.

Haya, chombo kinachofaa ni kipi? Ni kisanduku cha kadi. Njia yake ilielezwa na Sebastian Leitner katika kitabu cha Kijerumani kilichotoka mwaka 1972, nayo ni rahisi hata mtoto aweza kuifuata. Sisi tulikitengeneza cha kwetu kwa sanduku la viatu. Tulikata vipande vya katoni tukaligawa vyumba vitano. Kadi zenyewe tulizikata katika kalenda za zamani, ambazo upande wa nyuma ni mweupe. Upande mmoja wa kadi binti yangu aliandika maneno ya Kiswahili, na upande wa pili Kijerumani chake.

Kadi mpya zote huanza katika chumba cha kwanza. Kila siku huulizwa kadi za chumba hicho. Ukijibu sawa, kadi huhamia chumba cha pili. Chumba cha pili huulizwa kila baada ya siku mbili, cha tatu kila baada ya siku nne, cha nne kila baada ya siku nane, na cha tano kila baada ya siku kumi na sita. Kila ujibupo sawa kadi husogea mbele chumba kimoja. Ukikosea, hata ikiwa kadi imekwisha fika chumba cha tano, hurudi chumba cha kwanza bila huruma. Kwa njia hii neno gumu hukujia kila siku, na neno jepesi halikupotezei wakati.

Wenye simu za kisasa hawana haja ya sanduku wakitaka, kwa maana ziko programu zifanyazo kazi hiyo hiyo. Mojawapo ni Anki, iliyoanza mwaka 2006, nayo hukuhesabia siku za kuulizwa kila kadi. Mimi sipingani na simu. Ila nasema, programu nyingine hukupa majibu manne uchague moja, na hapo umerudi kule kule kwa kuzitambua nyuso. Chagua ile inayokulazimisha kutoa neno kichwani mwako kabla ya kukuonyesha.

Sasa, maneno gani yaandikwe? Usiifuate kamusi toka herufi A. Lugha yoyote ina maneno machache yafanyayo kazi kubwa, kama vile katika kijiji watu wachache huonekana kila mahali. Mwingereza Michael West, aliyefundisha Kiingereza Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno 2,000 hivi ya Kiingereza yenye kutumika sana. Imeonekana kwamba maneno ya namna hiyo huchukua karibu sehemu nane katika kumi za ukurasa wa kawaida. Basi fanya hesabu. Maneno kumi kwa siku, siku tano kwa juma, ni maneno 50. Katika majuma 40 utakuwa na maneno 2,000. Siku mbili zilizobaki katika juma, usiongeze neno jipya, uliza yale ya zamani tu.

Tena neno lisiandikwe uchi. Katika Kijerumani kila jina lina kitangulizi chake, na vitangulizi hivyo ni vitatu. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Mtu akiuliza kwa nini vyombo vitatu vya meza moja vimegawanywa hivyo, hapati jibu. Lakini sisi tusemao Kiswahili hatuna ruhusa ya kushangaa. Je, hatusemi kisu kikali, mkuki mkali, panga kali? Mgeni naye hutushangaa. Mtoto wetu hafundishwi ngeli kwa kanuni, bali hulisikia jina pamoja na vinavyoandamana nalo. Fanya vivyo hivyo. Andika die Gabel, usiandike Gabel peke yake, na siku ya kuulizwa ukilisahau lile die, hesabu kwamba umekosa.

Hata hivyo bora kuliko neno ni sentensi fupi utakayoihitaji kazini mwako. Binti yangu aliandika Wo haben Sie Schmerzen?, maana yake, Una maumivu wapi? Aliandika pia Ich kann heute nicht kommen, weil ich krank bin, yaani, Siwezi kuja leo kwa sababu ni mgonjwa. Tazameni neno bin, ambalo ndilo ni, limekwenda kukaa mwisho kabisa baada ya mgonjwa. Kitabu chake kilieleza kanuni hiyo kwa kurasa tatu, naye alikuwa ameisoma mara tano. Lakini ilimwingia siku alipozikariri sentensi sita za namna hiyo, hata ulimi wenyewe ukazoea kungoja.

Na msomaji anayeiogopa lugha hii kama kitu cha mbali, namkumbusha kwamba vipande vyake tunavyo tayari. Neno shule tumelipata kwa Wajerumani, ambao husema Schule. Na hela tunayoitafuta kila siku ilikuwa Heller, sarafu ndogo ya koloni lao la Afrika Mashariki, ambako tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa hela mia.

Natoka katika maneno, naja katika sikio. Kadi hazimfundishi mtu kusikia. Mtu huyasikia maneno ya kigeni kama mto uendao bila kituo, na ayajuayo kwa macho hayatambui kwa masikio. Redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, imekuwa ikitoa kwa njia ya intaneti, bila malipo, habari za Kijerumani zinazosomwa polepole, pamoja na maandishi yake. Twaweza kuzitumia hivi. Kwanza sikiliza habari moja bila kutazama maandishi, uone umeshika nini. Pili sikiliza tena huku ukifuata maandishi kwa kidole. Tatu soma kwa sauti pamoja na msomaji, ukimfuata nyuma kidogo. Nne funga kila kitu, useme kwa maneno yako mwenyewe habari ilikuwa nini. Hatua hiyo ya nne ndiyo watu wengi huikimbia, nayo ndiyo yenye faida kuu, kwa sababu ndiyo inayokuuliza.

Baada ya miezi michache, soma kitu unachokipenda kwa nafsi yako. Kató Lomb, mwanamke wa Hungaria aliyezaliwa mwaka 1909, alisoma sayansi chuoni, kisha akawa mkalimani wa lugha nyingi ambazo sehemu kubwa alijifunza mwenyewe. Kirusi alikianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kamusi na riwaya. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 alishauri kwamba msomaji asisimame kwa kila neno asilolijua, bali aendelee mbele, kwa maana neno lenye umuhimu litarudi tena, na mara nyingi litajieleza lenyewe. Mkulima na asome habari za ng'ombe, karani asome habari za biashara, mpenda mpira asome habari za mpira.

Limebaki jambo la ulimi, na hapa wengi husema, "Lakini sina mtu wa kuzungumza naye." Sikilizeni kisa cha Heinrich Schliemann. Huyu alikuwa Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1822 katika nyumba isiyo na mali, ambaye baadaye alipata utajiri, akasifika kwa kuchimba magofu ya mji wa Troy. Alipokuwa kijana alikuwa mtumishi wa ofisi Amsterdam, akitumwa huku na huku mjini, na nusu ya mshahara wake aliitumia kwa masomo. Alisoma kwa sauti, alikariri, aliandika insha zikasahihishwa, na akiwa njiani kutumwa, hata katika mvua, kitabu kilikuwa mkononi. Jumapili alikwenda kanisa la Waingereza, akirudia maneno ya mhubiri kwa sauti ya chini.

Mwaka 1844 alitaka kujifunza Kirusi, asipate mwalimu hata mmoja mjini. Alikuwa na sarufi kuukuu, kamusi, na hadithi ya Kifaransa iliyofasiriwa kwa Kirusi. Akaona kwamba akiwa na mtu wa kumsikiliza ataendelea upesi zaidi. Basi alimwajiri maskini mmoja kwa faranga nne kwa juma, aje kila jioni kwa saa mbili amsikilize akikariri Kirusi. Mtu yule hakujua Kirusi hata silabi moja! Wapangaji wenziwe walichoshwa na kelele zake, na Schliemann akalazimika kuhama nyumba mara mbili. Lakini baada ya majuma sita aliandika barua yake ya kwanza ya Kirusi ya biashara, na mwaka 1846 kampuni yake ilimtuma St Petersburg. Habari hizi aliziandika mwenyewe, naye alikuwa mtu wa kujisifu, kwa hiyo mtu na apunguze kidogo akipenda. Hata hivyo, kwamba alifanya biashara Urusi miaka mingi na kupata mali kubwa huko hakuna ashukuye.

Niliposoma kisa hicho nilijiambia, Kumbe kazi hii hata mimi naiweza! Tangu jioni ile, baada ya kukamua, nilikaa na binti yangu kabla hajaenda zamu yake. Mimi nilishika kadi, nikasoma upande wa Kiswahili. Yeye alijibu kwa Kijerumani, kwa sauti. Sikujua kama ametamka vema, lakini niliweza kufuata herufi, na zaidi ya hayo niliweza kuona anapositasita. Mtu akiwa peke yake humezea neno asilolijua akapita. Mbele ya mtu mwingine haya humshika, naye hulitafuta hata alipate. Ndugu msomaji, huna mwalimu, lakini huna mke? Huna mume? Huna mtoto wa shule anayejua kusoma? Huyo atosha.

Napenda pia kuwaonya juu ya wauza maneno. Mtaona matangazo ya vitabu na programu zinazoahidi lugha kwa siku thelathini. Serikali ya Marekani ina chuo cha kuwafundishia mabalozi na maofisa wake lugha, nacho kina uzoefu wa miaka mingi. Kwa Mmarekani asemaye Kiingereza, chuo hicho hukadiria majuma 36 hivi ya masomo ili aijue vema lugha ya Kijerumani, na muda huo huo kwa Kiswahili. Kwa Kiarabu na Kichina hukadiria majuma 88. Na wanafunzi hao hawana kazi nyingine, kutwa ni masomo, pamoja na walimu. Majuma 36 yao ni saa za darasani kama 800 au 900, mbali na za kujisomea.

Sasa wewe mwenye nusu saa kwa siku, katika mwaka utapata saa 182. Hesabu hiyo isikuvunje moyo, bali ikupe subira. Kwa saa hizo utaweza kusalimu, kununua, kuuliza njia, kueleza kazi yako na kusoma barua nyepesi. Asiyejua hesabu hii huacha mwezi wa tatu, akidhani ubongo wake ni mbovu. Ubongo wake ni mzima, ila alidanganywa juu ya urefu wa njia.

Basi mtu akiniuliza leo anunue kitabu gani, namjibu hivi: Nunua kimoja tu chenye mazoezi na majibu yake, kisha ukitumie mpaka kiishe. Kitabu chochote kizuri kitakufaa ukikifunga mara nyingi ujiulize, na hakuna kitakachokufaa ukikitazama tu. Jiulize leo, jiulize kesho, jiulize baada ya siku nne. Sema kwa sauti. Tafuta msikilizaji. Na kila siku sikiliza kidogo.

Binti yangu alirudia zile sehemu mbili baada ya miezi sita. Sehemu ya kusema alifaulu vizuri. Ile ya kusikiliza alipita kwa alama chache tu, lakini kupita ni kupita. Mbele yake bado kuna daraja la B2, ambalo ni mlima mwingine, na kadi zake sasa zimekuwa na majina ya dawa na ya viungo vya mwili. Ng'ombe mwingine sikuuza, kwa kuwa safari hii ada aliilipa mwenyewe kwa mshahara wake.

Na mimi nami nimepata faida nisiyoitazamia. Juzi ng'ombe wangu mmoja alitoka malishoni akichechemea, nami kabla ya kufikiri nilisikia kinywa changu kikimwuliza, Wo haben Sie Schmerzen? Hakunijibu, lakini mke wangu alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Mzee wa miaka 63 asiyepata kufungua kitabu cha Kijerumani ameshika swali zima kwa kushika kadi za mwenziwe! Kijana mwenye macho mazima na kichwa chepesi, wewe una udhuru gani?

Tuonane juma lijalo, tukijaliwa.